Kokoti ya presha: nyama ya ng'ombe inabaki nguvu, viazi vinapondeka, supu ni maji tu. Munafanyaka aje?

binti_Himbi (Goma)

Jambo wote. Niko na swali na naomba munisaidie mbele ya siku ya Yenga. Tantini yangu alinipatia kokoti ya presha, ile ya chuma ya kuweka juu ya mbabula, litiri 6, iko na kauchu mu kifuniko na kale kachuma kazito kenye kupiga filimbi pale juu. Nilifurahi sana ju nyama ya ng'ombe hapa kwetu inakulaka makala, unaiteleka asubui, saa nane inafika bado unatafuna tu. Sasa papa yangu amefika toka Minova, atakaa na siye muda kidogo, meno yake ya nyuma yote ilishaka kutoka na nyama njo chakula anapenda kupita vyote. Samaki anakulaka ju ya adabu tu. Ju yake nataka nipike ile supu nzito ya nyama na viazi na karoti, ya kula na muchele ao bugali, nyama iwe laini ya kukatika na kijiko.

Nilijaribu mara 2. Mara ya kwanza nilinunua nyama muzuri, nyekundu, haina mufupa hata moja, nikatia vyote pamoja, nyama, viazi, karoti, tomati, kitunguu, mafuta, maji mupaka ifunike vyote, nikafunga. Filimbi ilianza, nikahesabu dakika 20, nikatosha kale kachuma na mwiko, mvuke ikaruka mupaka ku plafo, batoto bakakimbia inje. Nyama: nguvu. Viazi: vimeiva kupita. Mara ya pili nikaacha saa nzima. Viazi havikuonekana tena, vilikuwa uji, na nyama ikawa nyuzi nyuzi kavu, papa anazungusha mu mudomo kiisha anameza na maji. Hakusema kitu lakini niliona. Na supu yenyewe ni maji ya rangi tu, haina ile utamu ya supu ya mama yetu.

Kokoti ni mupya, haina shida naamini. Ni miye sijue namna. Munisaidie, dakika ngapi, maji ngapi, na nyama gani? Na ile filimbi kweli haiwezi kulipuka?

mama_malewa (Bukavu, Kadutu)

Binti, pole, na karibu sana kwa papa. Miye niko na malewa yangu hapa Kadutu na kila siku napika nyama mu kokoti 2 kubwa, basi nitakuambia vile nafanyaka, usome polepole.

Tuanzie ku soko. Ile nyama nyekundu tupu ya paja uliyonunua ni ya kukaanga haraka ao ya burosheti, mu kokoti inakauka, hata ukiacha siku nzima haitakuwa laini, itakuwa kavu zaidi, njo ile nyuzi nyuzi uliona. Kesho uende ku busheri uombe nyama ya muguu, chini ya goti, ao shingo, ao bega, ao mbavu. Uangalie ile yenye mishipa myeupe na tungozi tunyembamba katikati ya nyama. Batu banaikataa ju machoni inaonekana mubaya na bei yake inakuwa chini, kumbe ile myeupe njo inayeyuka mu moto ya presha na inageuka sawa vile utomvu, inalainisha nyama na inafanya supu ishikane ku midomo. Na mufupa usiuache, omba wakukatie na mufupa wake, papa atanyonya mafuta ya ndani, bazee banapendaka ile.

Kilo 1 na nusu inatosha batu 6 na papa aongezwe. Kata vipande sawa ukubwa wa kibiriti, usikate vidogo kuliko pale ju vitapotea. Kama umeiosha, uikaushe na kitambaa safi mupaka isitoe maji tena, hii batu wengi wanaruka na njo inaleta shida. Nyama yenye maji haikaangike, inachemuka. Weka kokoti bila kifuniko juu ya moto kali, mafuta vijiko 3 vikubwa, ipate moto sana, kiisha tia vipande 6 ao 7 tu, visigusane, na USIGUSE dakika 4. Utasikia unataka kugeuza. Acha. Ikishaka kuwa kahawia itajitoa yenyewe chini. Geuza upande ya pili, tosha, weka ku sahani, tia zingine. Kwa kilo 1 na nusu utafanya mara 4 ao 5, ni kazi, lakini ile utamu ya mama yenu uliyosema inakosa, njo hapa inatokaka. Presha inalainisha tu, haileti harufu ya kukaanga hata kidogo.

Nyama ikishaka kutoka yote, chini ya kokoti kutabaki kitu kahawia imeshikana. Usioshe! Tia vitunguu 3 vikubwa vilivyokatwa, chumvi kidogo, vilainike, kiisha kitunguu saumu, tangawizi kidogo, seleri na majani yake, tomati 4 mbivu. Gilasi nusu ya maji, kwangua chini na mwiko ya muti mupaka chini ibaki safi. Kama hukukwangua, ile itaungua wakati kokoti imefungwa na utaisikia mu harufu wakati huwezi tena kufungula.

Rudisha nyama na ile maji yake yote iliyobaki ku sahani. Halafu maji: gilasi 1 na nusu tu. Najua utaogopa. Kokoti ya presha haipotezake maji sawa sufuria ya kawaida, mvuke inabaki ndani, na nyama na tomati na kitunguu nazo zinatoa maji zao. Ukitia maji mupaka ifunike, njo supu ya maji uliyopata. Viazi na karoti BADO, viache ku meza.

Funga. Kale kachuma kakianza kupiga, punguza moto, anza kuhesabu dakika 45. Kiisha tosha juu ya moto na uache ipoe yenyewe, dakika 15 ao 20, usiguse kachuma. Fungula, tia viazi vimekatwa mara mbili tu (kiazi ya ukubwa wa yai ya kuku uiache nzima), karoti vipande vinene, funga tena, dakika 5 toka filimbi. Acha ipoe kidogo. Fungula, weka tena ku moto bila kifuniko dakika 10, onja chumvi.

Utaniambia.

fundi_Katindo (Goma)

Mama amesema yote ya mapishi, miye siongeze kitu pale. Nataka kujibu swali ya kulipuka na ya dakika, ju natengenezaka vitu vya nyumbani na kokoti nyingi zinapitaka mu mikono yangu.

Dada, Goma tuko ku mita karibu 1,500 juu ya bahari. Huku juu hewa inakandamiza kidogo kuliko kule chini ku bahari, basi maji yetu inachemuka ku digri karibu 95, haifikake 100. Unaweza kuongeza makala namna unataka, mu sufuria ya wazi maji haitapita pale, itageuka mvuke tu na kwenda. Njo maana nyama na maharage vinatuchelewesha huku kuliko mutu wa Dar es Salaam. Kokoti inafunga mvuke ndani, kukandamiza kunapanda, maji inapata ruhusa ya kupanda mupaka digri 115 na kitu, ile mishipa myeupe mama anasema inayeyuka haraka sana pale. Saa 3 ya sufuria inakuwa dakika 40 na kitu.

Lakini hata ndani ya kokoti ule urefu wa mulima unahesabika kidogo. Kitabu ya kokoti inaandikwaka kwa batu ba ku bahari. Sheria ni hii: ukipita mita 600, kila mita 300 inayoongezeka uongeze dakika 5 ku kila 100. Kwa Goma na Bukavu ni karibu 15 ku kila 100, yaani kama kitabu inasema 40 weye ufanye 46. Ile 45 ya mama imeshaka kuhesabu ile bila yeye kuandika, ni mikono yake inajua.

Sasa kulipuka. Kokoti mupya yenye kushugulikiwa muzuri hailipuke ovyo. Iko na njia ya kwanza ya mvuke, pale kachuma kanakaa, na njia ya pili, supapu ya usalama, ndogo pembeni, inafunguka kama ya kwanza imeziba. Mufaransa Denis Papin alitengenezaka kokoti ya kwanza mu mwaka 1679 kule London, alikuwa anataka kulainisha mifupa, na supapu ya usalama ni yeye alifikiria, basi hii kitu imeshaka zaidi ya miaka 300 watu wanaijua. Zile nimeona zimeharibika na kuumiza batu, karibu zote ni ju ya sababu 3. Tundu ya mvuke imeziba na chakula. Mutu amejaza mupaka juu. Ao amelazimisha kifuniko kufunguka na presha bado iko ndani.

Kwa hiyo kila siku mbele ya kupika tosha kachuma, inua kifuniko uangalie tundu na mwangaza wa dirisha, uone ngambo. Kama huone, chokoa na kijiti na uoshe. Shika kauchu na vidole, ikiwa laini na haina ufa iko muzuri, ikiwa imekauka ao imepasuka ibadilishe, ku soko zinapatikana lakini ubebe ile ya zamani upime ju ukubwa si moja. Usijaze kupita sehemu 2 ku 3, na kwa maharage ao muchele usipite nusu, ju vinapanda na povu na povu njo inazibaka tundu.

Na ile kutosha kachuma na mwiko wakati inapiga, tafazali usirudie. Kuko na batoto ndani. Nimeona mukono wa mama mumoja, ngozi yote ilitoka, mvuke inaunguza kupita maji ya moto. Nyama nayo haipendi: ukitosha presha ghafla, maji ndani ya nyama inachemuka mara moja na kukimbia, nyama inakauka na kukaza. Ile nyama nguvu yako ya mara ya kwanza, sehemu moja ni dakika kidogo, na sehemu moja ni ile mwiko.

binti_Himbi (Goma)

Mama aksanti sana, aksanti fundi, nimeandika yote ku karatasi. Sasa swali moja: munasema nipunguze moto, mbabula yangu ni ya makala, napunguza aje? Ikishaka kuwaka inawaka. Na kokoti ikiendelea kupiga filimbi kwa nguvu dakika 45 si maji itaisha?

mama_malewa (Bukavu, Kadutu)

Swali ya maana sana hii na nilisahau kuisema, ju kwangu mikono inaifanya yenyewe. Wakati wa kukaanga, mbabula ijae makala yenye kuwaka vizuri. Ukishaka kufunga kokoti na filimbi ikaanza, inua kokoti uweke pembeni, kamata koleo utoshe makala karibu nusu uweke mu mbabula ingine ao mu sahani ya chuma (pale unateleka muchele wako, makala isipotee), zile zinabaki uzifunike na majivu yake yenyewe, ibaki wekundu kidogo unaonekana. Funga pia kadirisha ka mbabula pale chini pa kupitisha hewa. Rudisha kokoti. Unataka usikie kachuma kanacheza polepole, ts... ts... ts..., sawa mutu mwenye kulala. Kakipiga kelele mufululizo, moto ni mingi, ongeza majivu. Kakinyamaza kabisa, puliza kidogo. Makala ya nusu mbabula inamaliza ile dakika 45 yote na inabaki, utaona faida.

Na ndiyo, ikipiga kwa nguvu muda wote maji inaweza kuisha na chini kuungua. Ukisikia harufu ya kuungua usifungule kwa hofu, tosha ku moto, acha ipoe.

yaya_Kenya (Lubumbashi)

Jambo huko Kivu. Miye niko Lubumbashi, commune Kenya, na natumikishaka kokoti ya umeme, basi naongeza kidogo kwa wale wataisoma na beko na ile. Ya umeme inafikaka presha chini kidogo ya ile ya chuma, basi nyama ya muguu naipatiaka dakika 50 ao 55, na hapa kwetu tuko mita 1,200 na kitu. Tomati ya mukebe usiichanganye chini, inashikana na mashini inasimama yenyewe inakataa kuendelea. Weka juu ya nyama mwishoni bila kukoroga. Unga wa kufanya supu nzito nao, usitie mbele ya kufunga, unaungua vilevile.

Umeme ukikatika katikati ya kupika (na unakatikaka) usifungule, kifuniko kikae, nyama inaendelea kuiva na moto wa ndani karibu dakika 20. Umeme ukirudi unaongeza dakika zilizobaki. Kama haurudi hamisha mu sufuria ya kawaida, ku makala, itakuwa imeshaka lainika nusu.

Sikubaliane na mama ku kitu kimoja, kwa heshima yote. Kukaanga nyama YOTE mara 5 ni kazi nyingi kwa mama mwenye batoto. Miye nakaangaka nusu ya nyama tu, muzuri kabisa, kahawia kabisa, nusu ingine inaingia vile. Harufu ya ile nusu inatosha supu yote na sijaona mutu wa kutofautisha. Mvuto ya supu inatoka ku ile kahawia ya chini ya kokoti, na nusu inaitoa ya kutosha.

Kwa uzito: viazi 2 vilivyoiva, viponde na mwiko pembeni mwa kokoti, koroga. Inatosha. Hakuna haja ya unga.

mama_malewa (Bukavu, Kadutu)

Yaya, kwa nyumbani nakubali, nusu inaweza. Ku malewa siwezi, mukliya wangu anajua. Lakini kwa papa wa watu mwenye kutoka Minova, binti akaange yote.

Ya viazi kupondwa ni kweli, nafanyaka vilevile.

kijana_Birere (Goma)

Na majani ya papai? Koko yetu alikuwa anafunikaka nyama na majani ya papai usiku mbele ya kupika, ilikuwa inalainika bila kokoti. Anaweza kufanya vyote 2 ili iwe laini zaidi?

mama_malewa (Bukavu, Kadutu)

Koko alikuwa na akili, utomvu wa papai unavunja nyama kweli. Kwa sufuria ya wazi ao kwa kuchoma ni muzuri. Pamoja na kokoti hapana, nyama inakuwa sawa uji, unaiona kipande lakini ukiigusa haiko. Mutu achague moja.

Kitu ingine ya siku moja: ng'ombe akichinjwa asubui na ukapika muchana ule ule, nyama iko imekaza bado. Kama kuko friji ya jirani, inunue siku ya Posho asubui, uiache ilale, uipike siku ya Yenga. Kama friji haiko usijaribu, pika siku ile ile uongeze dakika 10.

binti_Himbi (Goma)

Nimerudi, leo siku ya kwanza, nilitaka niwaeleze mbele ya kusahau.

Nilikwenda ku soko ya Virunga siku ya Posho, nikaomba nyama ya muguu chini ya goti na mufupa, muuzaji alishangaa ju ilikuwa batu bote wanaonyesha kidole ku paja. Pesa iliyobaki ilinunua karoti na viazi vya Kibumba na seleri. Jirani alinipatia nafasi mu friji. Jana nikakausha nyama na kitambaa, nikakaanga yote, mama, mara 5, dakika 4 bila kugusa, mara ya kwanza mikono ilikuwa inanivuta nigeuze na nikajizuia. Harufu ilifika mupaka inje, papa akauliza toka ku kiti "munachoma nini?"

Nikakwangua chini, nikatia gilasi 1 na nusu, niliogopa sana, nilikuwa naona kidogo kabisa. Makala nikatosha nusu, majivu juu, kachuma kakaanza ile ts ts ts. Katikati kalinyamaza, nikapuliza, kakarudi. Dakika 45, kiisha dakika 20 ya kupoa, na batoto niliwapeleka kwa jirani, fundi usicheke. Nilipofungula, maji ilikuwa imepanda mupaka karibu kufunika nyama yote! Sielewe ilitoka wapi ila ni vile mulisema. Nikatia viazi na karoti, dakika 5, nikaponda viazi 2.

Papa alikula sahani 2. Hakutumikisha kisu. Alikatakata na upande wa kijiko, kiisha akakamata mufupa na mikono akagonga ku sahani mafuta ya ndani itoke, vile alikuwa anafanyaka tukiwa batoto. Akaniuliza kama nyama ilitoka Masisi. Nikasema ndiyo ju sikujua.

Kitu moja haikuenda: mafuta ilikuwa nyingi juu, kidole nzima. Mara ingine nitie vijiko 2 tu badala ya 3? Na ile imebaki, kuko karibu nusu kokoti, naweza kuifunga tena na presha leo mangaribi kuipasha moto?

fundi_Katindo (Goma)

Sicheki hata kidogo, kuwapeleka batoto kwa jirani ulifanya muzuri.

Usiifunge na presha, imeshaka kuwa nzito, chini itaungua mbele presha haijapanda. Pasha bila kifuniko, moto kidogo, na gilasi nusu ya maji, koroga kila mara, ichemuke kabisa dakika kadhaa ju ililala. Kama ililala inje ya friji kwa joto, usimupe papa.

mama_malewa (Bukavu, Kadutu)

Mafuta usipunguze ku kukaanga, vijiko 3 ni kwa kilo 1 na nusu. Ile kidole ilitoka ku nyama yenyewe na ku mufupa. Leo ikiwa baridi utaikuta imegandamana juu, itoshe na kijiko, uiweke mu chupa ya kioo, mu friji ya jirani, usiitupe. Kesho ukaangie sombe ao maharage.

Na umusalimie papa.